Mlio Juu ya Paa Letu

Machi 4
Mwenyekiti wa mtaa ameniambia malalamiko ya mdomo ni upepo. "Mzee, niandikie. Tarehe, saa, kimelia kwa muda gani. Ukiniletea daftari la mwezi mzima, nitakuwa na kitu cha kushika mkononi." Nimenunua daftari la kurasa mia na kalamu mbili. Leo naanza.

Kinacholalamikiwa ni droni ya jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, binti wa miaka thelathini hivi ambaye mtaa mzima unamwita Rubani. Anapiga picha mashamba ya ushirika yaliyo bondeni nyuma ya nyumba zetu, ili wakulima wajue maji ya mvua yamesimama wapi na mfereji gani umeziba. Kazi yake siikatai. Lakini kile kidege kina mapangaboi manne, kila moja refu kama kiganja, na yakizunguka yanatoa mlio mwembamba unaoingia sikioni kama sindano na kubaki humo.

Mlalamikaji ni mimi, msagaji mstaafu. Nimesimama kwenye mashine ya kusaga nafaka miaka thelathini na moja. Tangu Januari, tajiri alipoiuza, niko nyumbani. Nilidhani nitapumzika.

Saa tatu na robo asubuhi: kimeruka, dakika kumi na nane. Saa kumi jioni: kimeruka tena, dakika ishirini na mbili.

Machi 5
Saa mbili na nusu, dakika ishirini. Saa sita, dakika kumi.

Machi 6
Mvua ya kwanza ya maana. Saa nne, dakika tisa. Kimerudi mbio kwa kuogopa wingu.

Machi 8
Leo nimesema naye, maana si vizuri kumshtaki mtu ambaye hujamwambia. Nilimwita ukutani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti, mashine yako ina pangaboi bovu. La nyuma, nadhani."

Akanitazama kama mtu aliyesomewa barua yake. "Umejuaje?"

"Matatu yanaimba pamoja, moja linapiga mluzi."

Akaingia ndani, akaileta. Kweli, pangaboi moja la nyuma lilikuwa limemeguka nchani, kipande kidogo mno, kama limetafunwa na panya. Akaniambia lilipiga tawi wiki iliyopita, akadhani halikudhurika. "Upepo unakatika vibaya hapo kwenye pengo, ndiyo linapiga mluzi. Mzee, una masikio."

Nilirudi ndani nimevimba kichwa, nakiri. Mashineni sikio langu ndilo lililokuwa bosi. Mkanda ukilegea nilijua kabla haujateleza, na mtu akituletea mahindi mabichi nilijua kwa mlio, sikuhitaji kuyashika.

Rubani ameahidi kubadili yote manne.

Machi 9
Saa tatu, dakika kumi na tano.

Machi 10
Saa tatu, dakika kumi na mbili. Saa tisa, dakika thelathini. Nilikuwa najaribu kulala.

Machi 13
Mapangaboi mapya. Amekuja kunionyesha mwenyewe. Ni mapana zaidi, kwa hiyo yanazunguka polepole na bado yanakibeba kidege. "Sasa utasikia ngurumo ndogo tu, mzee. Kama nyuki ndani ya mtungi."

Akakirusha nikiwa nimesimama uani. Ngurumo niliisikia, ni kweli imepungua. Lakini sindano iko palepale. Nilimwambia. Akainamisha kichwa, akasikiliza, akasema yeye haisikii.

Fundi hasikii kasoro ya kazi yake. Hilo nalijua siku nyingi.

Machi 14
Kutwa nzima.

Machi 15
Saa moja asubuhi hadi saa tatu. Nimepumzishwa kidogo mke wangu alipowasha redio. Kisha tena.

Machi 19
Nimeanza kuzunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikikaa sebuleni kinalia, nikienda chumbani kinalia. Nimetengeneza bawaba za milango yote, hata zile ambazo hazikuwa mbovu. Nikigonga nyundo nafuu inakuja. Nikiacha, kinarudi.

Niandike na hili, ingawa mwenyekiti halimhusu. Mama watoto siku hizi ameingia ukimya. Zamani alikuwa akipika huku anasema, na akisema hana koma wala nukta. Sasa ananiwekea sahani, anakaa, anatazama dirishani. Leo nilimuuliza kama ameudhika. Akasema kitu, sikukipata, nikamwambia arudie. Akasema, "Basi tu."

Machi 22
Mke wangu anakwenda kwa Rubani karibu kila siku. Nawasikia wakicheka. Kumbe ukimya ni wa kwangu peke yangu.

Machi 24
Mvua kubwa tangu asubuhi. Saa nane mchana kinalia, saa nzima. Nilimwambia mke wangu, huyu binti hana huruma hata na mashine yake.

"Mzee, hiyo ni mvua juu ya bati."

"Mvua naijua. Hii iko juu ya mvua."

Alinitazama muda mrefu. Nadhani wameshaelewana, yeye na jirani yake.

Machi 28
Nimepeleka daftari kwa mwenyekiti, pamoja na sahihi kumi na moja. Wengine wana sababu zao. Fundi cherehani wa nyumba ya kona anasema kidege kinachungulia wake za watu wakianika nguo. Sikumsahihisha, ingawa najua kinakwenda bondeni moja kwa moja. Sahihi ni sahihi.

Mwenyekiti alifunua kurasa moja moja. "Kazi hii, mzee. Hata karani wangu haandiki hivi." Akanirudishia niendelee.

Aprili 2
Amri imetoka. Rubani haruhusiwi kurusha chochote mtaani wala bondeni mpaka kikao cha tarehe kumi na saba.

Alikuja jioni. Mke wangu alimkaribisha kiti, mimi nikabaki nimesimama.

"Mzee, nimekuja kukuomba. Huu ndio mwezi wa mvua. Maji yakisimama siku nne tu, miche inaoza. Nisiporuka sasa, ushirika watanihitaji ya nini baadaye?"

"Mimi sikukuzuia. Ni mwenyekiti."

"Kwa daftari lako."

"Daftari linasema nilichosikia."

Aliinuka. Mlangoni alimwambia mke wangu, "Asante, mama." Mimi hakuniambia kitu.

Aprili 3
Saa mbili asubuhi: kinalia.

Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Siku moja tu baada ya amri.

Aprili 5
Saa kumi na mbili alfajiri, saa nne, saa saba. Nilikwenda getini kwake. Kufuli. Hayupo, na mlio upo. Kwa hiyo amempa mtu mwingine akirushe kutoka ng'ambo ya bonde. Wajanja hawa.

Ningempelekea mwenyekiti habari leo hii, lakini amesafiri msibani tangu jana jioni na hatarudi mpaka siku moja kabla ya kikao.

Aprili 6
Kutwa.

Aprili 8
Kutwa. Mvua kutwa pia. Nimemfokea mke wangu kwa sababu ya kijiko.

Aprili 11
Nimefanya jambo leo.

Nilimkuta Rubani dukani asubuhi, kwenye foleni ya maziwa, kama watu wanane hivi mbele na nyuma. Sikuwa nimelala vizuri. Sindano ilikuwa ikilia pale pale, dukani, huku yeye amesimama mbele yangu na jagi mkononi, mtulivu kabisa. Nikamwambia amwambie huyo aliye nacho kidege huko ashushe.

"Ashushe nini, mzee?"

"Unajua ninachosema. Umepigwa marufuku, na bado kinaruka. Wewe ni mwongo, binti. Mwongo usiye na haya."

Foleni yote ikageuka kututazama. Alisema polepole: "Mashine haiko kwangu. Tangu tarehe nne haiko kwangu."

"Ndiyo ninachosema. Umempa nani?"

Aliacha jagi juu ya meza ya muuza duka, akaondoka. Katibu wa ushirika alikuwepo. Sikumwona mpaka alipotikisa kichwa na kusema, "Kama anavunja amri ya mtaa, yetu ataiheshimu vipi?"

Nilijisikia vizuri mpaka nilipofika nyumbani. Mke wangu alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa anachambua mchele, na hakuinua uso.

Aprili 13
Ushirika wamempa kazi mtu mwingine, wa mji wa pili. Atakuja baada ya wiki mbili, ana kazi nyingi. Bondeni maji yanang'aa kama kioo.

Aprili 14
Kinalia.

Aprili 16
Kinalia. Nimehesabu: tangu amri itoke nimeandika mara ishirini na saba. Kesho ni kikao.

Aprili 18
Jana sikuweza kuandika. Naandika leo, na nitaandika yote, maana daftari hili nililianza ili liseme kweli.

Kikao kilifanyika ofisini kwa mwenyekiti. Watu kama ishirini, wengine wamesimama mlangoni. Mke wangu alikaa nyuma. Rubani alikuwa na daftari pia, jembamba, lenye jalada la plastiki. Alisema sheria ya kazi yake inamtaka aandike kila safari: ameruka saa ngapi, ameshuka saa ngapi. Mwenyekiti akafurahi. "Basi tusome yote mawili. Mzee asome kwanza, binti ajibu."

"Machi nne, saa tatu na robo, dakika kumi na nane."

"Ipo. Saa tatu na dakika kumi na nne, dakika kumi na nane."

"Saa kumi jioni, dakika ishirini na mbili."

"Ipo."

Tulikwenda hivyo mpaka tarehe kumi, safari baada ya safari, dakika kwa dakika. Watu walikuwa wanatikisa vichwa. Hata yeye alinitazama kwa namna fulani, kama mtu anayemheshimu anayempiga.

"Machi kumi na nne, kutwa."

"Machi kumi na nne sikuruka. Nilikwenda kununua betri."

"Machi kumi na tano, saa moja hadi saa tatu."

"Saa mbili na nusu, dakika kumi na moja. Betri moja haizidi nusu saa, mzee. Haiwezi kukaa hewani saa mbili."

"Machi ishirini na nne, saa nane mchana, saa nzima."

"Siku hiyo ilinyesha tangu asubuhi. Maji yakiingia kwenye mota imekufa. Sijawahi kuirusha kwenye mvua."

Nikaruka mpaka mwezi wa nne, nikasema kwa sauti kubwa, "Na Aprili tatu? Na tano? Na sita? Ishirini na saba, baada ya amri."

Rubani alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akakohoa, akatoa funguo mfukoni, akafungua kabati la faili nyuma ya kiti chake. Ndani, chini ya rundo la karatasi, kulikuwa na kitu kimefungwa taulo. Akakiweka mezani, akafunua.

"Aliniletea mwenyewe Aprili nne, kabla sijaondoka. Alisema hataki mtu amshuku. Nilifunga, nikaondoka na funguo. Jana usiku ndio nimerudi. Sikujua kama mambo yamefika huko."

Ilikuwa mezani, kijivu, ndogo kuliko ninavyoikumbuka. Mapangaboi yalikuwa yamefunguliwa yote manne, yamo kwenye mfuko wa plastiki pembeni. Vumbi limekaa juu yake.

Na mlio ulikuwepo.

Ulikuwepo ule ule, mwembamba ule ule, chumbani humo, na mashine iko mbele yangu haina hata pangaboi moja. Nilitazama dari. Nilitazama dirisha. Nilitazama nyuso za watu kuona kama kuna mwingine anayesikia, na hakuna aliyekuwa anasikiliza chochote. Walikuwa wananitazama mimi.

Fundi cherehani alisema mzee amepandwa na majini, na watu wakacheka. Mwenyekiti akawanyamazisha. Kisha nikaona mkono wa mke wangu kwenye kiwiko changu. Alikuwa amepita katikati ya watu wote wale. "Twende nyumbani," alisema. Hilo nililisikia.

Aprili 20
Tumekaa uani asubuhi, mvua imepumzika. Amehamisha kiti chake akakiweka upande wangu wa kulia.

"Kwa nini umekaa huko?"

"Kwa sababu huku unasikia. Kule kushoto ni kama kusema na ukuta. Mwaka wa pili huu."

Nilimwambia mbona hakuniambia.

"Ungekubali? Wewe na masikio yako?" Akakivuta kiti karibu zaidi. "Mimi sikunyamaza, baba. Nilichoka kusema kila kitu mara mbili, halafu mara ya tatu unaniuliza mbona nafoka. Nikaanza kupunguza. Nikasema ya lazima tu."

Kisha akaniambia jambo ambalo sitalisahau. Siku aliyofariki dada yake, alipokea simu jikoni, na mimi nilikuwa nimerudi kutoka mashineni, nakunywa maji. Alinigeukia akaniambia dada hatunaye. Nami nilitikisa kichwa nikasema, "Vizuri, vizuri," nikatoka na kikombe changu.

"Jioni ulipoambiwa na watu ulilia sana," alisema. "Ndipo nikajua hukusikia. Lakini ile 'vizuri' ilikuwa imeshaniingia. Haikutoka."

Nilimshika mkono. Tulikaa hivyo mpaka mvua iliporudi.

Aprili 24
Hospitali. Daktari wa masikio ni mama mmoja mwenye sauti ya kutangaza habari. Aliniingiza kwenye kijumba kidogo chenye kuta za sifongo, akanivisha vifaa vya masikioni, akanipa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio. Humo ndani ndimo nilimojua. Kulikuwa kimya kuliko kaburi, na sindano ikalia kama king'ora. Nilibonyeza kwa kubahatisha. Kupitia kioo nilimwona mke wangu amekaa pembeni ya daktari, na kila nilipokaa bila kubonyeza alikuwa anatazama chini.

Sikio la kushoto limekwisha kwa milio ya juu, la kulia limebaki nusu. Injini ilikuwa kushoto kwangu miaka yote ile. Daktari anasema mlio huu hautoki nje, kichwa chenyewe ndicho kinachoutengeneza, na kelele za mashine zilikuwa zinaufunika. "Ulipoacha kazi, ukabaki peke yako na mlio wako." Dawa hakuna. Kuna kifaa cha kusikilizia, kuna kuwasha redio kwa sauti ndogo, kuna kuzoea.

Nikamuuliza, kuzoea huchukua muda gani. Akasema wengine huzoea.

Aprili 26
Nimekwenda ushirika na mke wangu, nikamwambia katibu mbele ya wenzake kwamba binti hakuvunja amri, mimi ndiye niliyekosea, na chanzo ni masikio yangu. Niliwaonyesha cheti cha daktari. Katibu alikuwa muungwana, lakini mkataba wa msimu ameshausaini mwingine. Alinipeleka dirishani. Chini ya kilima vishamba viwili vilikuwa na miche ya njano, imelala kwenye tope. Mfereji uliziba kwenye kona isiyoonekana kutoka barabarani. "Angeuona," alisema, "siku ya pili tu."

Wenye vishamba hivyo ni ndugu wawili. Nitakwenda kwao pia.

Aprili 27
Nimekwenda kwa Rubani. Nilisimama getini, sikutaka kuingia kabla ya kusema. Nikasema yote, na la pale dukani nikalitaja wazi: nilikuita mwongo mbele ya watu, na wewe ulikuwa unasema kweli.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nimekusikia, mzee. Kusamehe nipe muda kidogo."

"Chukua."

Nilirudi dukani saa ile ile ya foleni ya maziwa, nikayasema tena huko. Ni vigumu zaidi kuliko kule ushirika, maana kila mtu anataka maziwa yake aondoke.

Mei 1
Redio iko chini ya kitanda, sauti ndogo. Mlio upo.

Mei 5
Mwenyekiti amemruhusu Rubani kuruka tena, kwa sharti moja: apime ni umbali gani mtu akisimama haisikii mashine, na asiruke karibu na nyumba kuliko hapo. Ana kazi mpya, ndogo kuliko ile, ya kukagua mapaa ya shule. Amekuja leo, ameingia mpaka ndani, amekaa.

"Mzee, nahitaji mtu wa kusikiliza, ambaye mtaa utamwamini."

"Mimi sifai hata kwa kengele ya mlango."

"Sikuja kwako," akasema, na nikaona tabasamu la kwanza tangu mwezi wa tatu. "Nimekuja kwa mama. Wewe utaandika."

Mei 9
Mvua zimepungua. Tumeshuka bondeni asubuhi, sisi watatu. Kamba ya kupimia tuliinyoosha kwenye tuta, na mke wangu akasimama mwisho wake, ametupa mgongo asije akadanganywa na macho. Maagizo ni kwamba mkono uwe juu akisikia, na chini asiposikia. Rubani akakirusha, akawa anakisogeza mbali naye hatua kwa hatua, huku ananitajia mita.

Thelathini, mkono juu. Mimi nilikuwa nimeshakipoteza. Niliona mapangaboi yakizunguka na nikasikia sindano yangu tu. Hamsini, juu. Themanini, juu. Nilikuwa natazama mkono ule mwembamba wenye bangili, nikawa najua kwa huo kilichokuwa hewani. Mia na kumi, ukayumba. Mia na ishirini, ukashuka. Nikaandika.

Tulirudia mara tatu, tukapata karibu yale yale. Rubani akakishusha, akazima, akaanza kufungua mapangaboi.

Mkono ukapanda tena.

Rubani akasimama. "Bado anasikia? Mbona nimezima?"

Nilimtazama mke wangu kule mwisho wa tuta. Mkono ulikuwa juu, na vidole vilikuwa vinakunjuka na kukunjika.

"Hasikii kitu," nikasema. "Ananiita mimi."

Nikafunga daftari, nikaenda. Nilipofika nilizunguka nyuma yake nikasimama kushoto kwake, ili anipate kwenye sikio langu la kulia, akaniambia alichotaka kuniambia. Mara moja tu.